Jibu: Tulivyoitambua Garratt kabla haijaonekana

Ndugu, umeuliza tulijuaje kwamba kichwa cha treni kinachokuja ni Garratt, kile kichwa kirefu cha mvuke, kabla hatujakiona, na kama vimebaki vyovyote.

Tulijua kwa masikio. Garratt ina injini mbili zinazolishwa na boila moja, moja mbele na nyingine nyuma, kila moja na magurudumu yake. Ikivuta mzigo mlimani, mipigo ya injini hizo huenda pamoja, halafu taratibu huachana, halafu hukutana tena. Dizeli hunguruma mfululizo tu. Pale Voi miaka ya 1970, mtoto aliyeisikia wa kwanza ndiye aliyekuwa na haki ya kubashiri jina lake, nasi wengine tukakimbilia reli kuhakikisha.

Majina hayo! Garratt zile za aina ya 59, kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, Uingereza, kilizitengeneza 34 kwa reli yetu yenye upana wa mita moja, kila moja na uzito wa tani 250 hivi, na zote zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mimi milima mingi niliijua kwenye mabamba yale ya vichwa kabla mwalimu hajaning'inizia ramani. Zilichoma mafuta mazito, na harufu yake ikichanganyika na mvuke naipenda mpaka leo.

Zilizobaki: nenda Makumbusho ya Reli, Nairobi. Utaikuta 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Anza na Gelai, na uizunguke yote kwa miguu; picha hazionyeshi urefu wake.