Joto la dizeli ni "kubwa" au ni "jingi"?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naandaa kijitabu cha usalama cha wahudumu wa kituo cha mafuta hapa Tanga. Niliandika: "Joto la dizeli ni kubwa kuliko la petroli." Mhariri akafuta "joto" akaweka "halijoto", akasema ndicho Kiswahili cha kitaalamu. Nani yuko sahihi? Na je, petroli "huwaka" au "hulipuka"?

JIBU: Marahaba. Mhariri aliona kuna kasoro, ila amefuta neno lisilo na kosa na kuliacha lenye kosa. Lenye kosa ni "kubwa".

Sikiliza watu wanavyosema. Jua la saa nane mchana ni joto kali. Mkaa wa mti mgumu hutoa joto jingi, ndiyo maana kopo moja linaivisha maharage. "Kali" inataja ukali, ule unaosomwa kwenye kipimajoto na kuhesabiwa kwa nyuzi. "Jingi" inataja wingi wa nishati, nao huhesabiwa kwa jouli. "Halijoto" ni jina la ule ukali tu: huwa ya juu au ya chini, haiwi nyingi. Kiswahili chetu kilishatenganisha mambo haya kwa vivumishi kabla ya vitabu vya fizikia, na nasikitika tunapoyachanganya tena kwa "kubwa".

Kwa marekebisho ya mhariri, sentensi inadai kwamba dizeli iliyomo tangini ni ya moto kuliko petroli ya tangi la jirani. Matangi yote mawili yamefukiwa kwenye udongo uleule!

Sentensi yako ilikuwa na ukweli, ila haikusema kipimo. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa megajouli 36 hivi, ya petroli 32 hivi. Ukipima kwa kilo, petroli ndiyo inayozidi, tena kidogo tu. Dizeli inashinda kwenye lita kwa sababu ni nzito zaidi. Basi andika: "Lita moja ya dizeli hutoa joto jingi kuliko lita moja ya petroli."

Sasa kuwaka na kulipuka. Kinachoshika moto ni mvuke wa mafuta, si yale mafuta yenyewe. Tazama kibatari: moto uko kwenye utambi, na mafuta ya taa yaliyo chini yametulia. Yanahitaji kufika kama nyuzi 38 ndipo yatoe mvuke wa kutosha kushika moto. Dizeli huhitaji zaidi ya 50. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, yaani kwa Tanga ni saa zote, usiku na mchana. Kiwango hicho mimi hukiita "kiwango cha mmweko", kutokana na kumweka kwa umeme wa mvua, kwa sababu moto wake hutokea ghafla na huweza kuzimika hapohapo. Mvuke ukitoka kidogokidogo, huwaka. Ukijikusanya mahali palipofungwa kisha ukapata cheche, hulipuka. Hapo ndipo ubaya wa kuchakachua ulipo: petroli kidogo ikichanganywa na mafuta ya taa hushusha kiwango cha mmweko, na kibatari kilekile cha jana kinaweza kulipukia mikononi mwa mtoto.

Usiandike tu "petroli huwaka upesi kuliko dizeli". Ongeza "ikipata cheche". Bila cheche mambo hugeuka: dizeli huweza kuwaka yenyewe kwenye nyuzi 210 hivi, petroli husubiri hadi 250 au zaidi. Muulize fundi yeyote wa magari kwa nini injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hewa ikigandamizwa sana hupata joto kali, dizeli ikinyunyiziwa humo inawaka.

Kwa ukurasa wa kwanza wa kijitabu chako ningependekeza: "Mvuke wa petroli hushika moto saa yoyote ukipata cheche." Na uangalie upatanisho, maana kwenye mabango nauona ukikosewa mara nyingi: petroli inawaka, mafuta yanawaka, mvuke unawaka.