Jina la Matonya limetoka wapi?

SWALI: Shikamoo babu. Sisi ni wa Mvumi, jina letu la mwisho ni Matonya. Kijana wangu anasoma Dar, wenzie wanamwita omba omba sababu ya yule mzee wa Dodoma aliyejulikana sana kwa kuomba mjini, sasa anataka alifute kabla hajajaza fomu ya NIDA. Hili ni jina la ukoo au? Na maana yake nini? – Mama wa watatu, Mvumi

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie asifute kitu. Matonya ni Kigogo safi, lugha yetu Wagogo wa Dodoma, linatoka kwenye kutonya, yaani mvua kunyesha, na huku kwetu mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hivi na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili, sasa mtoto akizaliwa inanyesha unadhani angeitwa nani? Wamepewa hilo jina watu wa koo nyingi, ndo maana ukikutana na Matonya wa Bahi usikimbilie kumwita shemeji. Hata yule mzee aliyekuwa akiomba mjini, jina lenyewe halina maana ya kuomba.

La ukoo sasa. Wengi wetu jina la tatu ni la babu tu, shule na kanisa na karani wa kodi walitaka kila mtu aandikwe kwenye daftari, la babu likagandia hapo hapo wajukuu wanalo mpaka leo. Ukoo wenyewe unajulikana kwa mwiko wake na kwa mlikotoka, maana Wagogo tumechanganyika sana, wengine asili yao Uhehe, wengine Unyamwezi, wengine Ukaguru.

Nenda kwa shangazi mkubwa upande wa mumeo, muulize Matonya wa kwanza alikuwa mtoto wa nani na alizaliwa kabla au baada ya Mtunya, ile njaa ya 1917 mpaka 1920 baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuzoa ng'ombe na nafaka. Muulize pia mahame yenu, yaani makazi ya zamani mliyoyahama, yako wapi, maana Operesheni ya 1971 ya kupeleka watu vijiji vya ujamaa ilihamisha wengi wakaacha makaburi nyuma. Halafu kanisani waombe wakuangalizie daftari la ubatizo. Nenda na kijana likizo hii, asikie mwenyewe kwa shangazi. Akishasikia bado hataki basi atafanya hati ya kubadili jina, ila ajue vyeti vya shule vyenye Matonya atavitolea maelezo kila ofisi atakayoingia.