Filamu za zamani na masomo: majibu ya maswali yenu

Kwa nini waigizaji wa zamani ni wafupi na wanene?

Swali hili halikosi kila toleo, na jibu halijabadilika: si wanene, runinga yako inawatanua. Kabla ya 1953 filamu nyingi zilipigwa kwa umbo linalokaribia mraba, upana 1.37 kwa kimo 1, na runinga zikafuata 4:3. Skrini ya leo ni 16:9. Ukiiambia ijae, inaivuta picha kwa theluthi nzima. Shika rimoti, nenda kwenye ukubwa wa picha, chagua 4:3. Pau nyeusi za pembeni ziache zilivyo. Usichague kukuza picha, maana hapo utakata vichwa na miguu. Ukiwa bado kwenye menyu, zima na ulainishaji wa mwendo, kwa kuwa unabuni fremu, yaani picha moja moja za filamu, ambazo hakuna kamera iliyozipiga. Watu wengi wanaosema hawapendi filamu za zamani hawajawahi kuziona katika umbo lake.

Filamu bubu zote zinakwenda mbio. Ndivyo zilivyotengenezwa?

Chache tu, hasa vichekesho, ambamo mpiga picha alizungusha kamera polepole makusudi. Nyingine zimeharibiwa na anayezionyesha. Kamera ilizungushwa kwa mkono, na fremu 16 hadi 20 kwa sekunde lilikuwa jambo la kawaida, ingawa kasi ilipanda kadiri miaka ya 1920 ilivyosonga. Sauti ilipoingia, fremu 24 zikawa kipimo cha wote. Filamu ya fremu 18 ikichezwa kwa 24, kila mtu anakimbia.

Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, shusha kasi hadi 0.75 na uzime muziki uliobandikwa, kwa sababu nao utaburuta. Kisha acha hesabu, tumia macho: tazama mtu anavyotembea, maji yanavyomwagika, nguo inavyopepea. Vikionekana vya kawaida, umefika. Nakala iliyokarabatiwa vizuri huwa imekwisha kurekebishwa, kwa hiyo usiiguse.

Mtihani uko wiki sita mbele. Niache filamu kabisa?

Usiache. Kinachokula muda wako ni kipindi kinachofuata kuanza chenyewe kabla hujanyanyuka. Zima uchezaji huo wa mfululizo leo, kabla ya kupanga ratiba yoyote.

Filamu za zamani zinamfaa mwanafunzi kwa urefu wake. Kichekesho cha rili mbili, yaani mizunguko miwili ya mkanda wa filamu, hakizidi sana dakika 20. Vipindi vya nusu saa vya miaka ya 1950 na 1960, bila matangazo, ni kama dakika 25. *Sherlock Jr.* ya mchekeshaji wa filamu bubu Buster Keaton (1924) ni dakika 45 hivi, na ni filamu kamili. Basi chagua kwa dakika, na uchague kabla ya kufungua kitabu: siku za masomo kitu kimoja kifupi baada ya kazi kuisha, filamu ndefu mwisho wa wiki. Ukianza kutafuta cha kutazama saa nne usiku ukiwa umechoka, saa nzima itaishia kwenye kutafuta.

Mambo mawili hamkuniuliza. Msisome huku filamu bubu ikicheza pembeni. Hadithi yote imo kwenye picha, na ukiinamia daftari umeikosa, na daftari pia hukulielewa. Tena, msigeuze orodha ya filamu mia bora kuwa silabasi ya pili. Filamu ikikuchosha, ifunge.

Toleo lililotiwa rangi au la awali?

La awali. Taa zile zilipangwa kwa ajili ya nyeusi na nyeupe.

Naandika insha. Kitabu kinasema filamu ni dakika 100, DVD yangu ni 96. Imekatwa?

Yaelekea haijakatwa. Ni DVD ya mfumo wa runinga uitwao PAL, unaocheza fremu 25 kwa sekunde badala ya 24. Filamu inaisha asilimia 4 mapema, na sauti zinapanda kidogo. Upungufu ukizidi hapo, ndipo ushuku mkasi. *Metropolis*, filamu bubu ya Kijerumani ya 1927, ilitazamwa kwa miongo mingi ikiwa pungufu, hadi nakala ndefu zaidi ilipopatikana Buenos Aires mwaka 2008. Kwa hiyo ukitaja dakika kwenye insha, taja na toleo ulilotazama. Bila hivyo msahihishaji hawezi kuipata sehemu unayoizungumzia.

Nimepewa kanda za VHS zenye unga mweupe. Nizijaribu kwenye deki?

Hapana! Unga huo ni ukungu. Utabaki kwenye vichwa vya deki na kuhamia kila kanda utakayoingiza baadaye. Zitenge kwenye mfuko, mahali pakavu, mpaka apatikane mtu mwenye vifaa vya kuzisafisha.

Zilizo safi zipeleke mbele hadi mwisho, uzirudishe nyuma, ndipo ucheze. Zimekaa miaka mingi na mkanda huweza kuwa umelegea au kugandana. Ukizihamishia kwenye kompyuta, rekodi kwa ukubwa wake wa kawaida, 720 kwa 576 kwa PAL au 720 kwa 480 kwa NTSC, mfumo wa runinga wa Marekani. Programu zinazoahidi kuongeza ung'avu hubuni nyuso, na ukishafuta faili la kwanza hakuna pa kurudi. Weka nakala mbili kwenye diski mbili tofauti, na kanda zenyewe zisimamishe wima.