Kombe la bega linalochomoza kwa kijana mwenye mgongo uliopinda

Dada, umeuliza kwa nini kombe la bega la kulia la binti yako mwenye skoliosisi, yaani uti wa mgongo uliopinda upande, limechomoza, na kwa nini mkono huo huchoka upesi anapojisuka nywele. Kombe la bega halina kiungo cha mfupa na mbavu. Huteleza juu ya mbavu hizo likishikiliwa na misuli, na mfupa pekee unaoliunganisha na kifua ni mtulinga. Pingili za uti wa mgongo zinapopinda upande, hujizungusha pia na kuzisukuma nyuma mbavu za upande mmoja, na kombe lililozilalia huinuka na kuinama pamoja nazo. Ili mkono ufike juu kabisa, takribani nyuzi 180, kombe huchangia karibu nyuzi 60 kwa kujizungusha. Likianzia mahali pasipo pake, misuli huweza kulazimika kufanya kazi zaidi, kwa hiyo tafadhali msimwone mvivu. Mpindo huongezeka hasa kijana anaporefuka kwa kasi, hivyo daktari aufuatilie sasa, na mtaalamu wa fiziotherapia apime mikono yote miwili, si mgongo peke yake. Akipata ganzi au mkono ukilegea, mpeleke hospitali bila kungoja miadi.