Tumbawe la "jua" halili jua: majina ya dukani yanavyokupoteza

Kabla ya kulipia tumbawe lolote la kufuga kwenye tangi la maji ya chumvi, uliza jenasi yake, yaani neno la kwanza la jina lake la kisayansi. Jina la dukani hueleza umbo au rangi, basi. Halikuambii uliweke wapi wala ulilishe nini.

Chukua "uyoga". Discosoma ni laini, haina kiunzi cha chokaa, hushika kwenye jiwe na huridhika na mwanga hafifu. Sarcophyton nayo ni laini, ila ina shina na kofia. Mara kwa mara hujikunja siku kadhaa na kujivua utando kama nta. Wasioijua huitupa wakidhani imekufa, kumbe ilihitaji mkondo wa maji wa kuuondoa utando ule. Fungia, ambayo pia huitwa uyoga, ina kiunzi kigumu cha chokaa chenye mabamba membamba kama mikunjo ya chini ya kofia ya uyoga. Mahali pake ni mchangani. Hujisogeza, kwa hiyo ukiipandisha mwambani itaanguka na kuchanika nyama.

Jina baya kuliko yote, kwangu mimi, ni "jua". Tubastraea haina ule mwani wa ndani ya mwili unaotengeneza chakula kwa mwanga. Mtu huiweka chini ya taa kali, polipu (vijimwili vyenye mdomo na minyiri vinavyounda tumbawe) zinanywea moja baada ya nyingine, naye anazidi kuongeza taa. Ile ni njaa. Zima pampu, mwagia maji kidogo ya chakula, subiri polipu zifunguke, kisha lisha kila moja kwa bomba: kamba wadogo wa kugandishwa walioyeyushwa barafu, mara 2 au 3 kwa wiki. Ukiruka polipu, hiyo ndiyo itakayokonda.

"Chungu cha maua" ni rahisi: hesabu minyiri ya polipu moja. Goniopora ina 24, Alveopora 12. Picha ya simu ukiikuza inatosha.

"Ubongo" angalia usiku. Trachyphyllia hukaa mchangani kwa utulivu. Platygyra hutoa minyiri mirefu inayochoma majirani, basi iachie sentimita 15 kila upande.

Majina ya kisayansi nayo hubadilika. "Nyundo" iliyoandikwa Euphyllia ancora na ile ya Fimbriaphyllia ancora ni tumbawe lilelile, usimshuku muuzaji bure. Asipoijua jenasi, mwombe picha ya mchana, ya usiku na ya upande wa chini.