Maswali ya Wasomaji: Dopamini si kemikali ya raha

SWALI: Nafundisha sayansi ya ubongo, shahada ya kwanza. Kila mtihani wanafunzi huandika kwamba dopamini ni "kemikali ya raha". Nikiwasahihisha, huuliza: basi ni nini? Niwaonyesheje?

JIBU: Chora ubaoni matokeo ya mwanasayansi wa ubongo Wolfram Schultz, aliyerekodi seli za dopamini za tumbili moja baada ya nyingine. Mstari wa kwanza: juisi inakuja bila kutarajiwa, na mapigo ya umeme yanaongezeka papo hapo. Mstari wa pili: taa imeitangulia juisi mara nyingi. Mapigo sasa yamehamia kwenye taa, na juisi, tamu vilevile, haiziamshi tena seli.

Mstari wa tatu waachie wauchore wenyewe: taa imewaka, juisi haikuja. Wengi watadhani hakuna kitakachobadilika. Kumbe mapigo yanashuka chini ya kawaida, wakati uleule juisi ilipotarajiwa. Hapo ndipo somo linapoingia: seli hizi zinapima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Kokeini huzuia pampu inayorudisha dopamini ndani ya seli, kwa hiyo dopamini hujaa hata pale ambapo hakuna jipya la kujifunza.

SWALI: Katika jaribio la panya kurudia dawa ya kulevya, kwa nini kisanduku kina nyenzo mbili za kubonyeza wakati mmoja hautoi kitu?

JIBU: Bila huo wenzo wa pili huwezi kusoma matokeo. Panya aliyechangamka hukanyaga chochote; anayetafuta dawa huuendea wenzo wa dawa.

Kwanza panya hujifunza kujidunga kokeini kupitia mrija ulio mshipani, taa ikiwaka kwa kila dozi. Kisha dawa na taa huondolewa hadi ubonyezaji upungue sana. Mwisho taa hurudishwa, bila dawa. Ukiiacha taa iendelee kuwaka katika hatua ya kati, nayo itapoteza nguvu, na siku ya kupima hutaona kitu. Usafishe mrija kila siku: ukiziba, panya ataonekana ameacha dawa kumbe haimfikii.

Tarehe ya kupima nayo iandikwe. Panya aliyekaa mwezi mzima bila kokeini huifuata taa kwa nguvu kuliko aliyekaa siku moja, kwa hiyo usiwachanganye katika kundi moja.