Bilioni 40 au trilioni 40? Kuandika umbali wa nyota kwa vipeo vya 10

SWALI: Mhariri, kitabu cha Kifaransa cha mwanangu kinasema kwamba nyota ya Proxima Centauri iko umbali wa kilomita bilioni 40. Kitabu cha Kiingereza tulichoazima kinasema ni trilioni 40, na katika cha tatu nimekuta 4.0 × 10¹³. Ni kipi kimekosea? Na hiyo 13 iliyopachikwa juu ni ya kuzidishia? Nilipozidisha 4 kwa 10, kisha kwa 13, nilipata kilomita 520, ambazo hazitoshi hata kutoka hapa Bukavu hadi Kinshasa.

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna kitabu kilichokosea, yanayotofautiana ni majina ya namba. Kwa Kifaransa, milioni elfu moja huitwa miliari, na bilioni huanzia kwenye milioni ya milioni. Kwa Kiingereza cha leo, ambacho Kiswahili cha Kenya na Tanzania kimekifuata, milioni elfu moja ndiyo bilioni, na milioni ya milioni ni trilioni. Waingereza nao walikuwa na bilioni kubwa kama ya Wafaransa, hadi serikali yao ilipotangaza mwaka 1974 kwamba takwimu zake zitatumia ile ndogo ya Kimarekani. Kwa hiyo bilioni 40 zenu na trilioni 40 za jirani ni umbali uleule.

Kitabu cha tatu kimeukwepa mgogoro huo kwa kutotaja jina lolote. Ile 13 huitwa kipeo, nayo hueleza ni mara ngapi 10 imezidishwa kwa yenyewe: 10¹³ ni 1 ikifuatwa na sufuri 13. Kwa kirefu, basi, ni kilomita 40,000,000,000,000, na anayezinakili sufuri hizo kwa mkono ana kila nafasi ya kudondosha moja na kuisogeza nyota karibu mara kumi.

Kanuni ni kwamba namba ya mbele isipungue 1 wala isifike 10. Tungeweza kuandika 40 × 10¹² na thamani isibadilike, lakini tukishika kanuni, kutazama kipeo pekee hutuonyesha kwa haraka ukubwa wa umbali: Mwezi uko kwenye kilomita 3.844 × 10⁵, Jua 1.496 × 10⁸, Proxima 4.0 × 10¹³. Ukitaka kujua nyota hiyo iko mbali mara ngapi kuliko Jua, gawanya 4.0 kwa 1.496, kisha toa 8 katika 13, utapata 2.7 × 10⁵, yaani takriban mara 270,000.

Katika kuzidisha, vipeo hujumlishwa. Nuru husafiri kilomita 2.998 × 10⁵ kwa sekunde, na mwaka una sekunde 3.156 × 10⁷, kwa hiyo mwaka mmoja wa nuru ni kilomita 9.46 × 10¹². Proxima iko umbali wa miaka 4.24 ya nuru. Zidisha, nawe utapata 40.1 × 10¹², ambayo inakiuka kanuni yetu. Sogeza nukta hatua moja kushoto, ongeza 1 kwenye kipeo, na hapo inatokea 4.01 × 10¹³, ambayo kitabu chako kimeikadiria kuwa 4.0. Sufuri hiyo ya mwisho si pambo: inamjulisha msomaji kwamba tarakimu mbili ndizo za kutegemewa, jambo ambalo zile sufuri 13 za maandishi marefu haziwezi kulisema.

Kitabu cha Kifaransa kikitumia vipeo, kitaandika 4,0 × 10¹³ kwa mkato badala ya nukta. Kikokotoo cha simu nacho huenda kikaonyesha 4E13. Hapo E inasimama badala ya "× 10" na kipeo ni ile 13 inayoifuata.